Dalali na Ngamia wa Karate

Dalali wa mifugo wa mtaa wa Galbet aliikagua katuni iliyoonyeshwa ukumbini kama anavyokagua ngamia mnadani, jicho nusu, fimbo magotini. Familia ya ngamia ilipopigana karate, mateke aliyakubali. Nyimbo zilimchosha, kila zilipoanza alijifunika uso kwa shali hadi ziishe. Ila baba ngamia alipoketi kwa kutanguliza makalio, fimbo iligonga sakafu.

"Wallahi, ngamia gani hii inakaa kama mbwa? Magoti ya mbele kwanza!"

Ukumbi mzima wa video ukamuunga mkono. Mwishoni ndama wa familia ile, aliyekuwa amepotea, akamwona tena mamake. Dalali akaamuru kanda irudishwe nyuma, mara mbili.

"Kuna nini, adeer?" mwenye video akamuuliza mzee kwa heshima.

"Nakagua magoti," akajibu kutoka ndani ya shali, na hakuna aliyekuwa akiimba.