Dramu ya Shaba Niliyoiita Chuma

Shauri hili lote limenigharimu shilingi laki mbili, elfu arobaini na tano na mia tano. Nimejumlisha mara mbili: mara ya kwanza nimekaa, mara ya pili nazunguka uani, maana tangu lianze siwezi kukaa sehemu moja chai ikapoa. Na kwa fedha yote hiyo nina dramu mbili ambazo hazinifai, na ile inayonifaa iko Muleba kwa mtu ambaye sikumwibia wala hakuniibia.

Mimi nanunua vyuma chakavu hapa Bukoba. Riziki yangu ni kujua kitu kimetengenezwa kwa madini gani kabla mwenye nacho hajajua. Mfukoni nina sumaku ndogo niliyoifunga uzi. Ikinasa, ni chuma, bei ya chini. Isiponasa naanza kukohoa na kuzungumzia mvua, ili muuzaji asione uso wangu.

Jumapili napiga dramu kwenye bendi ya matarumbeta ya usharika wetu, Nyanga. Si ile kubwa inayobebwa tumboni. Ni ndogo yenye nyaya chini, inayosema trrra wakati wengine wote wanasubiri. Ya zamani niliikuta, na walionitangulia nao waliikuta. Ilikuwa nzito kama deni la ukoo, na bodi yake ilikuwa imepakwa rangi ya fedha, ile ya mageti, koti juu ya koti, hata huoni chini yake kuna nini. Nilikuwa naitunza nyumbani, juu ya mzani mbovu.

Mwaka jana akaja mtu wa Muleba, katibu wa bendi ya vijana wa kigango kimoja cha Kikatoliki upande wa Kagoma. Alitaka vipande vya bomba. Macho yake yakaenda kwenye dramu.

"Hiyo nayo inauzwa?"

"Kila kitu hapa kinauzwa isipokuwa mke wangu na mzani."

"Mzani nao ungeuuza tu, umeshakufa," mke wangu akasema kutoka mlangoni.

Yule bwana akaniambia wao wana dramu mpya, inang'aa kama kioo, ila vijana hawaipendi, inawapigia makelele masikioni. Nikamhurumia. Mtu anayeisema vibaya mali yake mbele ya mnunuzi hajui biashara.

"Hii yangu ni ya aina gani?" akauliza.

Nikatoa sumaku, nikaiweka kwenye ringi ya juu, ile inayobana ngozi. Pa! Ikanasa.

"Chuma kitupu. Unaona mwenyewe."

Hakuitazama sumaku. Aliinama, akagonga bodi kwa ukucha, akasogeza sikio. Akagonga tena. Mimi nikadhani anahesabu umaskini wake.

"Waitu, ndugu yangu, tubadilishane," akasema.

"Ongeza."

"Niongeze nini? Nakupa mpya unipe ya zamani!"

"Stendi na mfuko wake."

Akaongeza. Jumapili iliyofuata kamati ilipoona kitu kipya kinang'aa, kina stendi, kina mfuko, na usharika haujatoa hata shilingi, walinipigia makofi. Mchungaji alinishika mkono mara mbili.

Kwenye bendi yetu yuko mzee anayepuliza besi, lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mtu kama chatu. Ndiye aliyenifundisha kusoma noti. Si ndugu yangu kwa damu, lakini namwita Taata, na yeye ananiita mwanangu hata mbele ya wanangu. Mke wake aliwahi kuniambia kwamba wiki nzima mzee huishi kwa kusubiri Jumapili, na Jumatatu huanza upya.

Harusi ya kwanza tuliyotoka na dramu mpya, mzee alichelewa. Nusu hatua tu. Sisi tumeweka mguu chini, besi yake ndiyo kwanza inaingia. Tukadhani ni jua. Harusi ya pili, tena. Kwenye mazishi alichelewa hatua nzima, na waliobeba jeneza wakakanyagana. Hapo watu wakaanza kunong'ona.

Nikaanza kuhangaika. Dramu mpya ilikuwa na sauti kali, inakata, na ukiigonga inabaki ikilia juu juu muda mrefu. Nilisema labda huo mlio ndio unaomchanganya. Nikabadilisha ngozi. Nikakaza nyaya, nikalegeza nyaya. Nikabandika kitambaa, nikaweka pochi yangu juu ya ngozi, na ikawa mara ya kwanza pochi hiyo kufanya kazi ya maana. Mlio ukapungua, mzee akazidi kuchelewa. Nikanunua nyingine ya aluminiamu kwa jamaa anayepiga muziki kumbini, laki moja na sitini, alianzia mbili na nusu. Hiyo ilikuwa kavu. Inasema neno moja, inafunga mdomo. Mimi niliipenda. Mzee akaingia kwa kubahatisha, mara yumo, mara hayumo.

"Umekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia," mke wangu akaniambia. "Kaa chini ule."

Nikala nimesimama.

Kamati ikakutana. Walizungumza vizuri, kwa upole, na hilo ndilo lililonitisha. Mzee apumzike kwa heshima. Sikukuu ya mavuno atapewa zawadi, ataikabidhi besi kwa mwingine. Zilikuwa zimebaki Jumapili nne. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumwandaa.

Nikaenda kwake. Alikuwa shambani anakata majani makavu ya migomba, amenipa mgongo.

"Wasibota, Taata," nikamsalimia.

Hakugeuka. Nikarudia kwa sauti ya mnadani. Akageuka akitabasamu.

"Aa, mwanangu! Afadhali umekuja. Nina swali. Hivi siku hizi umeacha kupiga?"

"Kupiga nini?"

"Dramu. Mikono naiona inakwenda, lakini sikupati. Zamani ulikuwa unanigonga hapa," akaweka kiganja kifuani, "najua mguu unaenda wapi. Sasa unapiga kwa adabu, kama mkwe."

Nilikuwa nimepiga mpaka viganja vikaota malengelenge.

Mke wake akanisindikiza mpaka barabarani. "Simu ikilia hasikii," akasema polepole. "Ndege hawasikii. Lakini lori la kahawa likiwa bado mbali, yeye ndiye ananiambia. Usimwambie nimekwambia. Anadhani dunia ndiyo imepunguza sauti."

Kesho yake nilimwomba mzee aje uani kwangu, eti anisaidie kuchagua vyuma. Nikamkalisha juu ya debe, mgongo kwangu. Nikasema, "Taata, ukisikia kitu, inua kidole." Nikachukua kifimbo changu cha dramu. Nikagonga kipande cha bomba la chuma. Kililia mpaka nikakisikia kwenye meno. Mzee ametulia, anasubiri.

"Mbona huanzi?" akauliza.

Nikagonga sufuria ya aluminiamu. Kidole kikapanda nusu, kikashuka. Nikagonga tangi la jiko la pampu, yale majiko ya zamani ya mafuta ya taa, ambayo tangi lake ni shaba njano. Nililigonga taratibu kuliko vyote. Mzee akageuka mzimamzima.

"Hiyo! Hiyo ndiyo dramu yako. Ulikuwa umeificha wapi?"

Sijasoma elimu ya sauti. Nasema nilichokiona kwa kidole cha mzee. Chuma sauti yake inakaa juu, kwenye dari, na masikio ya mzee hayafiki tena kwenye dari. Aluminiamu inakaa katikati, lakini haikai muda wa kutosha kutafutwa. Shaba njano nayo inang'aa juu, ila chini yake ina kifua, na kile kifua ndicho kinachomfikia.

Lakini dramu yetu ya zamani ilikuwa chuma. Sumaku ilisema. Nikaichukua ile mpya, nikaweka sumaku kwenye ringi: pa. Kwenye bodi: pa. Nikachukua ya aluminiamu. Kwenye bodi sumaku ikaanguka. Kwenye ringi: pa.

Nikakaa chini, kwenye vumbi. Ringi zote ni za chuma. Hata dramu ya dhahabu ringi yake ingekuwa ya chuma. Mimi, ninayepima bawaba za watu mara mbili, nilipima ringi mara moja, nikauza bodi.

Nilikwenda Muleba mara tatu. Mara ya kwanza katibu hakuwepo, mara ya pili alikuwa msibani. Mara ya tatu nilimkuta, nikamnunulia samaki na ndizi, kwa sababu huwezi kuomba kitu kwa mtu mwenye njaa. Alikuwa ameibandua ile rangi ya mageti yote. Dramu ilikuwa imekaa kwenye kiti chake yenyewe, njano, kama bibi harusi.

"Ulijua," nikamwambia.

"Mimi niligonga. Wewe uliweka sumaku. Nikuombe radhi ya nini?"

"Nakurudishia yako, na ya aluminiamu juu yake. Mbili kwa moja."

"Zote mbili zina kelele."

"Na stendi. Na mfuko."

"Stendi ilikuwa yangu!"

Nikaweka fedha mezani. Akazisogeza kwangu kwa kidole kimoja, kama mtu anayerudisha mfupa wa samaki. "Niazime basi Jumapili moja," nikasema. Akaniuliza wao Jumapili wanapiga nini, sahani? Hapo biashara ikaniishia. Nikamweleza habari ya mzee, yote, mpaka kidole. Alisikiliza ameacha kula.

"Anapuliza besi miaka mingapi?"

"Kabla mimi na wewe hatujaanza kutembea."

"Sisi hatuna mtu wa besi," akasema. "Tarumbeta lipo, limelala. Dramu haiuzwi, waitu. Mlete mzee."

"Ni Mlutheri."

"Nimeuliza dini yake?"

Toka Nyanga mpaka kule ni safari, na mzee si wa kupakizwa nyuma ya pikipiki kila wiki. Lakini si hilo lililonifanya nisimame kila baada ya kilomita chache nikirudi. Nikimpeleka, lazima nimwambie kwa nini. Nikimwambia ni dramu, atauliza mbona wengine wote wanaisikia mpya. Nikinyamaza, sikukuu ya mavuno atasimama mbele ya usharika kama mtu aliyesahau kuhesabu hatua, wakati hesabu iliyokosewa ni yangu.

Leo nimekwenda nyumbani kwa mzee, yeye akiwa kwenye mazoezi. Mke wake alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Nikamweleza habari ya ringi, na habari ya Muleba. Aliendelea kumenya, na mimi nikaendelea kuzunguka mbele yake mpaka akaniomba nisimame, namtia kizunguzungu.

Nikasimama.

"Mae, mama yangu," nikamwambia, "wewe umeishi naye, mimi nimepiga naye tu. Nishauri. Nimwambie ni dramu, au nimwambie ni masikio?"