Sidi na Hesabu ya Vichwa Sita

Sidi Karisa huhesabu vichwa. Kabla hajatia gia hugeuka, hunyoosha kidole na kuwahesabu abiria wake mmoja mmoja, kama mwalimu wa madrasa siku ya ziara. Tabia hiyo aliitoa Shimanzi, alikoendesha lori miaka minane, akihesabu magunia yanapopakiwa na kuyahesabu tena yanaposhushwa. Alipochoka na lori akanunua gari la viti saba. Magunia aliyaacha, hesabu akaondoka nayo. Majirani zake Mbaraki wanasema mwanamke huyu hata nguo kwenye kamba huzihesabu kabla ya kuzianua.

Kazi yake ni kuwatoa watu uwanja wa ndege na kuwafikisha stesheni ya Miritini, inakoondokea treni ya Nairobi. Ukitazama ramani utacheka. Uwanja uko bara, stesheni iko bara, na baina yao ni mwendo mfupi tu. Mgeni wa hoteli hufika hata hajamaliza kukisema vibaya chakula cha kwenye ndege. Lakini mtu wa Mji wa Kale hawezi kushuka ndege akaenda stesheni hivi hivi. Lazima avuke Makupa, aingie kisiwani, akanyage kwao, ale, aombewe dua, kisha asindikizwe na ukoo mzima kurudi kule kule alikotoka. Sidi alishaacha kushangaa. Alichofanya ni kununua gari lenye viti vingi.

Ana jeuri yake pia. Hakuna abiria wake aliyewahi kuachwa na treni, na habari hiyo utaisikia hujakaa vizuri. Na ana adui mmoja: ile treni ndogo inayobeba watu kutoka stesheni ya zamani ya kisiwani hadi Miritini. Sidi hakuwahi kuitaja kwa jina. Aliiita kile kibati. Abiria akimwuliza habari zake, alimjibu kwamba anasikia ipo, ila yeye hajakutana na mtu aliyeipanda.

Basi, Alhamisi moja mwezi wa nane, shule zimefungwa, Sidi alikwenda uwanjani kumpokea Mzee Najmuddin, fundi saa wa Kuze, humo Mji wa Kale, mteja wake wa siku nyingi. Mzee alikuwa Bombay wiki tatu akitibiwa jicho, na sasa alivaa miwani myeusi mikubwa iliyomfanya afanane na askari kanzu. Kesho yake mjukuu wake Fariha alikuwa anaozwa Nairobi. Babake Fariha alishafariki, kwa hiyo wa kumwoza ni babu. Treni ya usiku ilijaa zamani. Ilipatikana tiketi moja tu, ya saa tisa mchana, na geti hufungwa nusu saa kabla. Babu asipofika, harusi itakaa na bwana harusi, biriani na wageni mia mbili, bila mtu wa kumwoza bi harusi.

Saa tano na nusu walikuwa Kuze. Gari haliingii kwenye vichochoro vile, kwa hiyo Sidi aliliacha barabarani, akapanda ngazi kumsalimia Bi Hawabai, dada mkubwa wa mzee. Hakuruhusiwa kusimama. Aliketishwa kwenye sinia pamoja na wengine, akaonjeshwa chumvi kwanza kama ilivyo ada ya Mabohora, jamii ya mzee, kisha chakula kikaja kwa zamu, tamu, chachu, tamu tena, na kwa adabu yao haondoki mtu sinia halijaisha. Sidi alikula jicho moja likiwa kwenye saa ya ukutani, ambayo, kwa bahati mbaya, ilikuwa imesimama.

Saa saba na dakika kumi ndipo wakateremka. Walikuwa wamekubaliana: msafiri na wasindikizaji watano. Bi Hawabai alipewa kiti cha mbele kwa sababu ya magoti. Nyuma wakaingia mdogo wa mzee, Bwana Zoher, na mkewe, na majirani wawili, na masanduku, na ndoo ya achari ya kupelekwa harusini. Mwisho kabisa, kiti cha pembeni, ikaingia kofia nyeupe yenye ukingo wa dhahabu. Sidi akanyoosha kidole. Sita. Bwana Zoher akasema huyu mwanamke anatuhesabu kama saruji. Wakacheka, wakaondoka.

Walikuwa wamekwama Changamwe, upande wa bara, katikati ya malori ya bandarini, saa saba na nusu imetimia, simu ya Sidi ilipolia. Namba hakuijua, lakini sauti aliijua.

"Sidi, mwanangu," alisema Mzee Najmuddin. "Ile saa ya ukutani nimeshaitia ufunguo, na mlango nimeufunga. Sasa nyinyi mko wapi?"

Sidi alitazama kioo. Akahesabu. Sita. Akahesabu kutoka upande wa pili. Sita.

"Hebu, kofia ya mwisho kule," alisema polepole. "Geuka nikuone."

Kofia ikageuka. Ilikuwa ya Mzamil, muuza duka wa chini ya nyumba, Mbohora mwenye kofia sawa na ya mzee, aliyetoka kubeba sanduku tu. Bi Hawabai alimwambia ingia ingia tunachelewa, na Mzamil si mtu wa kubishana na Bi Hawabai.

"Samahani," alisema Mzamil, "hivi twenda wapi?"

Kilichofuata ni kelele. Bwana Zoher alidai alimwona kakake akiingia. Mkewe alidai alichoona ni kofia. Bi Hawabai alisema mtu mzima haachwi, hujiacha mwenyewe, kisha akaanza kulia. Mzee alipiga kutoka simu ya duka la Mzamil, ambalo, ilibainika, lilikuwa wazi bila mtu. Bwana Zoher akapendekeza bodaboda. Bi Hawabai akanyamaza kulia kwa muda wa kumuuliza kama anataka vumbi limalize lile jicho lililobaki.

Sidi alipiga hesabu zake. Kurudi Kuze na kuja tena katika foleni hii, hata ndege haiwahi. Njia ilikuwa moja, na aliijua, na ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Mzee," alisema, "chukua tuktuk sasa hivi, nenda stesheni ya zamani. Kuna treni ndogo ya saa nane kasoro kumi. Itakufikisha Miritini."

Mzee akataka kuhakikisha.

"Kile kibati chako?"

"Hicho hicho."

"Kumbe saa zake wazijua," alisema Bwana Zoher kwa upole. Sidi akamwambia aishike vizuri ndoo ya achari.

Wangepumua hapo, ila mkoba wa Bi Hawabai ulianza kutoa mlio. Ndani yake kulikuwa na simu ya Mzee Najmuddin, aliyokuwa amemchajia. Na tiketi ilikuwa ndani ya simu. Sasa mzee angefika bila tiketi, na tiketi ilikuwa imebanwa nyuma ya lori.

Sidi aliteremsha kioo. Dereva wa lori la mbele alikuwa Ngowa, aliyewahi kuwa utingo wake Shimanzi.

"Ngowa, nipishe. Nina harusi."

Ngowa aliinama akatazama ndani ya gari, uso baada ya uso, bila haraka. "Bi harusi ni yupi?"

"Yuko Nairobi."

"Bwana harusi?"

"Nairobi. Anayemwoza ndiye yuko kwenye treni ndogo."

"Na hawa?"

"Hawa wanamsindikiza."

Ngowa alicheka hadi akashika usukani kwa mikono miwili, kisha akalisogeza lori, na wenzake mbele akawapigia honi wafanye vivyo hivyo.

Walifika saa nane na dakika ishirini na tano. Mzee Najmuddin alikuwa ameketi karibu na geti, miwani usoni, amepandisha mguu juu ya mguu.

"Mmekawia," alisema. "Nilidhani mmeachwa."

Simu ikatolewa, masanduku yakashushwa, na Bi Hawabai akainua mikono kuanza dua ndefu. Askari alitazama saa yake. Sidi akamshika bibi bega.

"Mama, dua haina geti. Geti lina dakika tatu."

Mzee akaingia, achari mkononi, wasindikizaji sita wakimpungia kama anayekwenda mwezini. Fariha aliozwa kesho yake, na babu alikuwepo.

Siku hizi Sidi hahesabu vichwa tu. Huita majina, na kila mtu huitika, hata Bi Hawabai. Na abiria akimwuliza habari za treni ndogo, humjibu kwamba ipo, huondoka saa nane kasoro kumi, na yeye anamjua mtu mmoja aliyeipanda.