Alijipa Mbili Kati ya Tano

Habari ya kifo chake niliipata kwenye simu, katika kundi letu la jumuiya, ikiwa imebanwa kati ya tangazo la kitanda cha mtoto kinachouzwa na mabishano ya nani atakuja na sufuria kubwa Jumamosi. Nilisoma habari ya sufuria kwanza. Naikiri dhambi hiyo mapema kwa sababu wasomaji wangu wa siku nyingi mnanijua, na kwa sababu yeye mwenyewe angeisikia angecheka mpaka akohoe. Rafiki yetu wa Toongabbie, huku Australia, Mkenya mrefu mwenye mabega ya mpakuzi wa magunia, mhudumu wa miaka mingi katika nyumba moja ya kutunzia wazee, alirudi kutoka zamu ya usiku Jumanne asubuhi, akanywa chai, akaenda kulala, na hakuamka tena. Moyo, wamesema madaktari. Nilikuwa kwenye treni nikitoka kazini, na nilipitiliza kituo changu nikilia mbele ya wanafunzi waliokuwa wakila chipsi na kunitazama bila haya.

Sitajidai kuwa tulikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, ingawa kwa upande wake sasa imekuwa hivyo. Kilichotuunganisha ni televisheni. Marehemu aliupenda mpira wa Kimarekani, ule wa watu wenye helmeti na mabega ya bandia, unaosimama kila baada ya sekunde chache ili wachezaji wapumue na matangazo yapite. Mechi zao za Jumapili huku kwetu zinaangukia Jumatatu asubuhi, saa ambayo yeye alikuwa ametoka kazini, usingizi umemkimbia, na mkewe ameshakwenda hospitali anakofanya kazi ya uuguzi. Basi alituita watu wawili tuje tumsaidie kutazama. Mmoja ni Mkongomani kutoka Liverpool, hii ya huku Australia, mfanyakazi wa ghala, ambaye Jumatatu ilikuwa siku yake ya mapumziko. Wa pili ni mimi, niliyekuwa naanza kazi ya ofisi Parramatta saa saba mchana, na ambaye, kusema kweli, nilifuata mandazi. Aliniita Mwalimu kwa kuwa natoka Tanzania, ingawa maishani mwangu sijawahi kushika chaki.

Msiojua mchezo ule nivumilieni kidogo. Upande wenye mpira kuna mtu mmoja anayeshika usukani wote, tumwite mrushaji, ambaye kazi yake ni kusimama nyuma ya wenzake akitafuta nani wa kumrushia. Upande wa pili kuna jitu limewekwa pembeni lenye kazi moja tu duniani: kumfikia mrushaji na kumlaza chini kabla mpira haujamtoka mkononi. Marehemu alimwita mvamizi. Mwaka mmoja kulikuwa na mvamizi mmoja nyota ambaye mkataba wake ulikuwa unakwisha, na kila mchambuzi mwenye tai alikuwa na maoni kuhusu thamani yake. Kelele za wachambuzi hazikuwa kitu mbele ya kelele za sebule ya Toongabbie. Mkongomani wetu, ambaye kazini kwake mashine inahesabu kila boksi analoinua na kumpigia mlio akichelewa, aliamini katika hesabu.

"Ndugu yangu, ule muntu ameangusha wangapi leo?" aliuliza Jumatatu moja.

"Hajaangusha mtu. Lakini cheki hapa kwanza."

"Basi ni zéro. Zéro ni zéro, hata ku Congo, hata hapa Australia."

Marehemu alisimamisha picha kwa rimoti, akairudisha nyuma, akaenda kusimama karibu na televisheni kiasi kwamba sisi tuliona mgongo wake tu. "Ona huyu jamaa wa kurusha," alisema. "Haangalii mwenye anafaa kumrushia. Anaangalia huyu beast. Ball imetoka kabla ya time, na imeenda kwa nyasi. Halafu ona, wamewekea huyu mtu mmoja watu wawili wa kumzuia, so mwenzake ako free kabisa. Hiyo yote ni kazi yake, na hakuna mahali imeandikwa."

"Kama haiandikwe, atalipwa na nani? Na malaika?"

Siku hiyo ushahidi wa televisheni haukutosha. Mkongomani alipewa mto wa kochi aushike awe mrushaji, mimi nikapangwa kuwa mpokeaji karibu na kabati, na marehemu, kilo zake zote, akaja kutokea upande wa jikoni. Hakumgusa mtu. Mkongomani aliurusha mto kabla hata hajaniona, ukaenda kuangusha chupa ya chai aliyoiacha mke wa marehemu, ikapasuka ndani kwa ule mlio wa kioo. "Umeona?" marehemu alisema, amesimama katikati ya chai, amefurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Lawama za chupa, jioni ilipofika, zilinifikia mimi.

Nilikuja kuelewa alichokuwa akikisema siku nilipompelekea chaja ya simu aliyoisahau kwangu. Alikuwa ameshika zamu ya mchana ya mwenzake aliyeugua. Nilimkuta katika upande wa wazee waliopotewa na kumbukumbu, tukasimama mlangoni tukizungumza, yeye ananitazama mimi, wazee wako pembeni yake. Katikati ya sentensi aliniacha. Alivuka chumba kwa hatua chache, bila kukimbia, na mzee mmoja wa Kizungu alipoinua mikono kushika kiti ili asimame, mkono wa marehemu ulikuwa tayari pale unamngoja. Mzee alitaka kwenda kukamua ng'ombe aliokwisha kuwauza zamani sana. Walitembea pamoja mpaka dirishani, wakaona kuwa ng'ombe wako salama, wakarudi. "Mguu wa kushoto," marehemu aliniambia aliporudi. "Akianza kuuvuta chini ya kiti, ujue anataka kusimama. Akisimama pekee yake, anaanguka." Kisha alichukua kile kifaa chao cha kuandikia matukio ya zamu, akakitazama, akakirudisha mfukoni. Kulikuwa na mahali pa kuandika mzee akianguka, na mahali pa kuandika umemfanyia nini baada ya kuanguka. Mzee ambaye hakuanguka hana pa kuandikwa.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma, kwa sababu nimelizunguka vya kutosha. Ilitangazwa nafasi ya msimamizi wa zamu ya mchana pale kazini kwake. Aliitaka kuliko nilivyowahi kumwona akitaka kitu chochote. Yeye alifanya kazi usiku, mkewe mchana, na kwa miaka walikuwa wakipishana mlangoni kama askari wanaopokezana lindo, huyu anavua viatu, yule anavaa. "Mwalimu," aliniambia, "nataka tu kukula supper na bibi yangu kwa meza moja, kama watu." Ili kuomba nafasi ile ilibidi ajaze fomu ya kujipima mwenyewe, kutoka moja hadi tano, katika uongozi, umakini, ushirikiano na mengine ya aina hiyo. Aliniita nimsaidie kwa sababu naandika kwenye gazeti, na watu wanaamini kuwa anayeandika gazetini anajua kuandika.

Mkewe alikuwepo siku hiyo, anakunja nguo. "Weka five zote," alisema bila kuinua kichwa.

"Shemeji," nikasema kwa sauti yangu ya busara, ile mnayoijua, "mtu hajipi tano mwenyewe. Tano ni ya kupewa."

"Hii ni job, Mwalimu, si confession."

"Na nikiweka five," marehemu aliuliza, "si wataona ni kama nina maringo?"

"Wewe weka mbili kwenye uongozi," nikamwambia. "Kwingine weka tatu. Yule mama bosi wako ana macho, anakujua. Atakwambia hapana, wewe ni nne, wewe ni tano. Hapo utakuwa umepandishwa na mkubwa mwenyewe, na hakuna wa kukusema."

Mnacheka, lakini hivyo ndivyo tulivyolelewa wote. Ukienda kwa watu ukakaribishwa chakula unasema umeshiba, na tumbo linanguruma mpaka paka anasikia. Mwenyeji anajua unadanganya, unajua kuwa anajua, anakupakulia sahani ya mlima, unakula mpaka unatokwa jasho, na heshima ya kila mtu inabaki salama. Mimi nilikuja Australia na ustaarabu huo, nikaupigia pasi, nikampa rafiki yangu auvae kwenye usaili. Sikufikiri kuwa huku ukisema umeshiba, sahani inaondolewa, tena kwa tabasamu.

Alikaribishwa kwenda kwenye usaili na mtu wa kumsindikiza, ambaye hatakiwi kumjibia. Nilikwenda mimi, na koti. Bosi wake, mama wa makamo asiye na ubaya wowote, aliisoma ile fomu polepole. Tulingoja aseme hapana. Alisema anaushukuru sana ukweli wake, kwamba si watu wengi wanaojitambua kiasi hicho, na kwamba yeye pia anaona uongozi bado si eneo lake la nguvu. Alipendekeza kozi. Marehemu alitazama mikono yake akasema asante. Kisha yule mama alinigeukia mimi, kwa adabu kabisa, akaniuliza kama nina lolote la kuongeza. Nilikuwa nalo. Nilikuwa na mguu wa kushoto wa yule mzee, nilikuwa na ng'ombe wake, nilikuwa na Jumatatu tele za maelezo juu ya kazi ambayo haiandikwi popote. Nikatabasamu, nikasema hapana, asante sana. Niliona kumsifia mtu wangu mbele yake ni kukosa haya.

Nafasi ilikwenda kwa binti mmoja mwenye miezi michache pale, mtu mwema, ambaye baadaye alimwambia marehemu bila kuficha kuwa alijipa tano kila mahali, hata kwenye kufika kwa wakati, na treni anayopanda binti yule kila mtu anaijua kwa kuchelewa. Marehemu hakunilaumu. Jumatatu iliyofuata alipika chai kama kawaida, akasema, "Mwalimu, tulijichinja na kisu yetu," akacheka, akawasha televisheni, akaanza kumtetea mvamizi wake dhidi ya Mkongomani mwenye hesabu. Nilimtazama mtu huyu anayeweza kuzungumza saa nzima juu ya thamani ya mgeni mwenye helmeti asiyemjua hata kwa salamu, na ambaye juu ya nafsi yake hakuweza kuongeza namba moja. Aliendelea na zamu ya usiku mpaka wiki aliyokufa.

Kwenye misa ya kumuaga, kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama kwenye maegesho. Walikuja wenzetu wa mbali, wa Campbelltown, kwa safari ndefu ya treni, wakaja na watoto wao waliokuwa wakiulizana kwa Kiingereza lini tutakula. Mkongomani alilia kwa sauti na kusema mbele ya wote kwamba mvamizi yule alikuwa na thamani, jambo ambalo nusu ya waombolezaji hawakulielewa, padri akiwemo. Mama mmoja wa Kizungu alisimama akasema baba yake aliishi miaka yake ya mwisho katika ile nyumba ya wazee, na usiku marehemu akiwa kazini, yeye nyumbani alilala bila wasiwasi. Kisha ikafika zamu yangu. Ndugu zangu, nilizungumza. Niliwaeleza habari ya mguu wa kushoto, nikaeleza ng'ombe, nikaeleza kifaa kisichokuwa na pa kuandika mzee ambaye hakuanguka. Nilisema mtu huyu alikuwa kiongozi bora kuliko yeyote niliyewahi kumwona akiwa kazini. Watu walipiga makofi kanisani, na mimi, Mungu anisamehe, niliyasikia nikafurahi.

Baadaye, mezani pa chai, mkewe alinijia na kikombe. Alinishika mkono, akanishukuru kwa maneno mazuri. Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini na bila hasira yoyote, "Shem, hii yote ulikuwa unaijua. Siku ya ile interview, yule mama alipokuuliza, mbona hukusema?"

Nina ombi tu kwenu mnaonisoma. Fomu zile zinakuja kila mwaka, na wengi wenu, wauguzi, wahudumu, watu wa maghala, mtakaa nazo mezani mkijipunguza ili mwonekane watu wa adabu. Andikeni mnachokifanya, chote, na kama mnaona haya, wapeni wake zenu au waume zenu kalamu. Na wewe uliyealikwa kumsindikiza mwenzako, ukiulizwa kama una la kuongeza, ongeza, hata kama yeye ataona aibu, hata kama koti litakubana. Mimi sifa zangu nzuri kuliko zote nililimwagia jeneza, na jeneza halikuwa na kazi ya kumpa.