Somo Lilieleweka

Juzi nilikuwa kwenye saiba moja, duka la kompyuta na uchapishaji, hapa Voi, nikingoja nakala zangu. Mbele yangu mwalimu kijana alikuwa akimsomea mhudumu rekodi za masomo ya wiki tatu, ambazo yeye mwenyewe alipaswa kuzijaza kila siku.

"Hapo kwa maoni andika 'Somo lilieleweka'. Zote hivyo hivyo."

Mama mmoja kwenye foleni akasogea, akaweka kidole kwenye skrini.

"Mwalimu, si hii ni gredi ya tano ya mtoto wangu? Kugawanya mlifunza lini? Huyo bado anahesabu na vidole."

Mwalimu akasugua macho. "Mama, nafunza madarasa mawili peke yangu. Kesho afisa wa elimu anakuja, na yeye huangalia faili."

"Basi mwambie amwite wangu, amuulize hesabu moja tu."

Mwalimu alimwashiria mhudumu achapishe.

Nilitaka kumkemea, lakini nikajizuia. Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi. Rekodi kama hizo nilizitia sahihi kila Ijumaa, nikasifu hata mwandiko. Sikumbuki kumwita ofisini mtoto hata mmoja nimuulize hesabu.