Makohozi ya Mokhele

Kwa miaka ishirini na miwili Mokhele alichimba dhahabu Afrika Kusini, kisha akarudi kwao Lesotho na vumbi la mawe mapafuni. Kutoka mlangoni hadi zizini tu alikuwa hoi.

Muuguzi wa zahanati hakumficha kitu. "Baba, hewa unaivuta, lakini mapafu yamekakamaa kama ngozi kavu. Haipenyi kuingia kwenye damu. Ndiyo maana midomo imekuwa ya buluu."

Kilichomkirihi zaidi ni makohozi. Aliyatema kwenye kopo, mazito, ya kijivu. Mkewe, Mama Palesa, aliyamwaga kila asubuhi bila kukunja uso, na hilo lilimtia haya.

Siku moja karani wa mgodi alikuja na karatasi ya kutia sahihi, ya kukubali kwamba hataudai mgodi fidia.

"Mzee, daktari wetu anasema haya ni mambo ya tumbaku."

"Tumbaku gani? Sijawahi kuvuta hata..." Kikohozi kikamkaba, akainama, akatema. Karani akaziba pua kwa leso.

"Unaona kinyaa, mwanangu?" Mokhele alihema. "Hata mimi naona. Lakini kinyaa kikubwa ni huo uongo wenu."

Mama Palesa akaitwaa karatasi, akafutia mdomo wa kopo, akamrudishia karani mkononi. "Mpelekee daktari wenu. Aipime vizuri."

Karani aliitupa chini akatoka mbio, akitapika ukutani. Mokhele alitaka kucheka, ila pumzi haikutosha. Mabega tu ndiyo yaliyotikisika.