Pengo la Minyaa

Juzi, siku ya Krismasi, nilitoka jikoni na bakuli la moto la muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, nikazunguka nyuma ya tangi la maji kama ilivyo kawaida yangu, na nusura nipige ukuta wa mawe kwa paji la uso. Usinicheke. Ukuta umekuwa hapo tangu Agosti na nauona kila asubuhi. Ni miguu tu ambayo haijaambiwa.

Hapo zamani palikuwa na ua wa minyaa, na katikati yake pengo la kupitisha mtu mmoja na sufuria yake. Upande wetu alikuwa nyanya yangu, Mkatoliki wa rozari shingoni. Upande wa pili, mzee aliyeuza mbuzi na mkewe, Waislamu wa hapa hapa Mwingi. Mimi nilikuwa mtoto wa kifua kibovu, nimekatazwa vumbi, mvua na mpira, kwa hivyo dunia yangu yote ilikuwa ni hilo pengo. Ijumaa za Kwaresima mke wa mzee alituletea maharagwe, akijua hatuli nyama. Ramadhani nyanya alipeleka uji jioni. Pilau ya Idd niliingoja kuliko wenye Idd yao.

Mbuzi wetu wa Krismasi alichinjwa na mzee, kwa kisu chake alichokifunga kwa gazeti, ili nyumba zote mbili zile chungu kimoja. Sasa mwaka mmoja mzee akaenda Tseikuru kununua mbuzi, mvua ikanyesha, mto ukafurika, hakuna lori lililopita. Asubuhi ya Krismasi hajarudi, wala hakuna habari. Mjomba wangu, aliyetoka Sultan Hamud na hamu ya nyama ya mwaka mzima, tayari alikuwa ananoa panga. Mbuzi amefungwa kamba nje, mimi nimefungiwa ndani kwa ajili ya kifua, tunatazamana dirishani. Angalau yeye alikuwa na majani.

Mke wa mzee akapita penye pengo, mtandio umelowa, macho mekundu ya kutolala. Akamwambia nyanya tuchinje tu, yeye na watoto watakula muthokoi huko kwake, hana kinyongo.

Nyanya akakaza leso kiunoni. "Basi mwanangu, sote tutakula muthokoi. Lete watoto."

"Mama," mjomba akasema, "nimetoka Sultan Hamud nikule muthokoi?"

"Kwani ulikuja kuniona mimi ama kumwona mbuzi?"

Sote tulijua jibu.

Tulibanana jikoni, mvua ikipiga mabati, tukala mahindi ya kukoboa na maharagwe. Mjomba alikoroga bakuli lake kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Kila mlio wa gari ukisikika barabarani, mke wa mzee aliacha kutafuna, na nyanya akamwongezea chakula ambacho hakukiomba.

Mto uliposhuka, mzee alirudi na tope hadi mapajani. Mkewe alienda kulilia nyuma ya jiko letu, si lake. Mzee alipomwona mbuzi angali anatafuna, akamuuliza nyanya kama siku hizi Wakatoliki wanafunga Krismasi. Kisha akatuma aletewe kisu.

Nyanya hayupo sasa. Mzee pia. Mkewe alihamia kwa binti yake Mombasa, ploti ikauzwa. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikarudi nyumbani kupumzika kidogo. Bado napumzika.

Wenye ukuta si watu wabaya, hunipungia mkono wakiwa ndani ya gari. Ningeweza kuzunguka kwa barabara, nibonyeze kengele ya geti, nieleze mimi ni nani na kwa nini nimebeba mahindi. Lakini pale kwenye pengo hatukuwahi hata kupiga hodi, na njia nyingine sikufunzwa. Nilisimama hapo, bakuli likapoa, nikarudi ndani.