Mwiko wa Mlima wa Ipogolo

Mama yangu alikuwa radhi ninenepe mpaka nishindwe kupita mlangoni, ilimradi nisianguke. Tangu kifafa kinianze nikiwa sekondari, kukimbia, kuruka kamba, hata kucheka sana vilipigwa marufuku nyumbani kwetu Ipogolo. Nilifika miaka ishirini na sita nikihema kwa kufunga kamba za viatu, na nilikuwa na hasira.

Siku ya kliniki nikamshtaki kwa nesi. Nesi akanitetea: mazoezi yananifaa mwili na akili, mradi nimeze dawa bila kukosa, nilale vya kutosha, nisiogelee peke yangu, na kwa kuanzia nikimbie na mtu. Kisha nesi akamgeukia mama kwa haraka, maana simu ya kazini ilikuwa inaita.

"Mama, akianguka mlaze ubavu, uangalie saa. Zikipita dakika tano, mlete hospitali. Kitu mdomoni, mwiko!"

"Nimeelewa, nesi," mama akajibu.

Asubuhi yake tukaanza kupanda barabara ya kwenda mjini. Mimi na raba, mama na kandambili, na mkononi mwiko wa ugali, ule mkubwa wa misibani. Nilidhani ni ukaidi wake tu. Madereva wa malori, ambao mlima ule huwapandisha polepole kama sisi, walipata nafasi nzuri ya kuuliza: "Mama, ugali uko wapi?"

Wiki ya pili nikalipuka. "Mama, huo mwiko wa nini?"

"Si nesi alisema? Kitu mdomoni, mwiko."

Nilikaa chini pembeni ya lami nikacheka mpaka mbavu zikauma. "Mama, mwiko wa kukatazwa! Ukinitia kitu mdomoni utanivunja meno!"

Akaugeuzageuza mwiko mkononi. "Sasa si angesema marufuku?" Akaendelea kuubeba, eti ameuzoea.

Mwezi uliofuata nilikosa usingizi siku mbili, nikasahau na dawa, nikaanguka kwenye kona. Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa ubavu, kanga ya mama chini ya kichwa, na mama amenisimamia akizungusha mwiko mbele ya umati.

"Sogeeni huko! Na wewe kijiko chako rudisha mfukoni! Mdomoni ni mwiko!"

Kisha akapiga magoti akanifuta mate. Nikajua mbio zangu zimeishia pale, na hilo liliniuma kuliko goti lililochubuka.

"Dakika mbili," akasema, akasimamisha bajaji. "Twende ukalale."

Asubuhi ya siku ya nne tangu nianguke nilimkuta mlangoni ananisubiri, dawa yangu mkononi. Alikuwa amevaa raba.